Vidole vya Mzee Kona

Asubuhi hiyo Mzee Kona alifika gereji akiwa amechoka kabla hajagusa kitu. Haukuwa uchovu wa kukosa usingizi, maana usiku alilala vizuri. Ulikuwa uchovu wa mtu anayebeba jambo moja kila siku na hana mahali pa kulitua.

Vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vimekufa ganzi. Kilianza kidole gumba, kikafuata cha shahada, na sasa, huu ukiwa mwezi wa nne, hata vile viwili vya katikati vilikuwa kama vya kuazima. Aliyejua ni mkewe peke yake, na mkewe naye hakuambiwa. Alimwona siku moja akihangaika na vifungo vya shati, akasogea, akamfungia vyote mpaka cha shingoni, huku anamsimulia habari za jirani aliyegombana na kuku wake mwenyewe. Tangu siku hiyo humfungia vifungo kila asubuhi, na kila asubuhi huwa ana habari ya jirani.

Gereji yao haikuwa ya injini. Ilikuwa ya rangi. Magari yaliingia pale yamefifia, yana mikwaruzo ya matawi na vumbi la miaka, yakatoka yanameta. Walifanya kazi watatu tu. Kulikuwa na Tajiri mwenye gereji, mtu wa tumbo kubwa na maneno machache. Kulikuwa na mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyeitwa Mashine, kwa sababu ndiye aliyeshika mashine ya polishi, ile yenye sponji ya duara inayozunguka na kunguruma kutwa. Na kulikuwa na yeye.

Mashine ya polishi ni hodari kwenye boneti, paa na milango. Lakini gari lina sehemu ambazo sponji haifiki: nyuma ya kishikio cha mlango, penye kishimo cha kuingiza vidole, chini ya kioo cha pembeni, kwenye mfereji mwembamba kati ya taa na bampa, kuzunguka namba ya gari, ndani ya fremu ya mlango, pale bawaba zinapojificha. Hizo zote ni kazi ya mkono. Unazungushia kidole kitambaa laini, au unakifunga kwenye kijiti, unachovya polishi kidogo kama punje ya mchele, unasugua taratibu. Mzee Kona alikuwa amezisugua kona hizo kwa miaka tisa mpaka jina lake la nyumbani likasahaulika pale kazini.

Na kabla ya kusugua, ni lazima uhisi. Rangi inaweza kuonekana safi kumbe imeshikwa na chembe ndogo za chuma na lami ambazo jicho halizioni. Ndiyo maana fundi huvaa mfuko wa nailoni mkononi, ile mifuko myembamba ya kufungia mkate, kisha anapitisha ncha za vidole juu ya rangi. Kwa namna ambayo Mzee Kona hakuwahi kuielewa, nailoni ile huongeza hisia: chembe ambayo kidole kitupu hakiioni, ndani ya nailoni inakuwa kama mchanga. Ukiikuta, unapitisha udongo laini wa kusafishia rangi mpaka iondoke. Usipoikuta, ukaanza kusugua, unaikokota chembe ile chini ya kitambaa na kuikwaruza rangi kwa mkono wako mwenyewe.

Fundi wa kona asiyehisi, basi, hana kazi. Tajiri akijua atamwambia apumzike nyumbani, na nyumbani kuna mke, binti aliyerudi na wajukuu wawili, wote wakiutegemea mkono huo. Kwa hiyo Mzee Kona aliendelea kuvaa nailoni kila siku, akaipitisha kila mahali, akatikisa kichwa kama anayesikiliza. Alikuwa hasikii kitu. Alikuwa anakisia.

Saa tatu liliingia gari jeusi, refu, la milango minne. Rangi nyeusi ndiyo mbaya kuliko zote, haifichi hata alama ya unyoya. Dereva wake alishuka taratibu, amevaa suti iliyopauka mabegani, akawasalimia wote kwa kuwashika mikono.

"Mimi ni dereva wa mazishi," alisema. "Hili si lile la kubeba jeneza. Hili linabeba wafiwa, linafuata nyuma. Leo saa kumi na nusu nina familia ya kuchukua, kwa hiyo saa kumi naomba niwe nalo."

"Saa kumi litakuwa tayari," alisema Tajiri.

"Kuna kitu kimoja, wazee wangu. Boneti mkiikosea nitawasamehe." Dereva alifungua mlango wa nyuma wa kushoto, akaonyesha fremu, kisha kishimo cha kishikio. "Mfiwa haangalii mbele. Nimewabeba miaka kumi na mbili, nimewaona kwenye kioo. Akisubiri mlango ufunguliwe anaangalia hapa. Akikaa na mlango uko wazi anaangalia hapa chini. Mwaka jana mama mmoja alifuta uchafu wa hapa kwa leso yake njia nzima. Amefiwa na mtoto, anafuta gari langu. Niliona aibu ambayo haijaniisha."

Mashine alimtazama Mzee Kona. "Umesikia, mzee? Leo gari lote ni la kwako. Sisi wengine tumekuja kuangalia."

"Basi leo ukae ule miwa," alijibu Mzee Kona, na dereva akacheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye kazi yake haimpi nafasi ya kucheka.

Waliliosha, wakalikausha. Mashine akawasha mtambo wake akaanza na paa. Mzee Kona akachukua kigoda chake kifupi, akaketi kwenye mlango wa nyuma wa kushoto, akavaa nailoni. Alianza na fremu, akapitisha vidole juu mpaka chini. Kimya. Akapitisha kwenye kishimo cha kishikio. Kimya vilevile. Akatumia udongo kidogo kwa ajili ya dhamiri, akafuta, akazungushia kidole kitambaa na kuanza kusugua.

Alisugua kwa uangalifu wote aliokuwa nao. Alikwenda kwa urefu wa gari, mbele na nyuma, asizungushe, kama alivyofundishwa zamani na kama alivyomfundisha Mashine alipokuja. Mgongo ulimuuma, na shingo, na jasho lilimwingia machoni. Alimaliza mlango ule akahamia wa mbele, halafu upande wa pili, halafu mifereji ya taa. Mpaka inakaribia saa saba alikuwa amelizunguka gari zima.

Ndipo jua likafika upande wa kushoto. Liliingia moja kwa moja kwenye kishimo cha kishikio cha mlango wa nyuma, na Mzee Kona akaona.

Mikwaruzo. Myembamba, mingi, yote imelala upande mmoja kama nyasi zilizopitiwa na maji. Ilikuwa mipya, haikuwa ya kucha wala ya pete za abiria. Huko nyuma ya kishikio kulibaki chembe za chuma, labda za mchomeleaji wa karakana ya jirani, na yeye Mzee Kona amezikokota na kuzirudisha mara arobaini.

Alijua dawa yake ni kusugua tena kwa polishi kali, lakini pembeni mwa kishimo rangi ni nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Ukizidisha kidogo unatoboa mpaka rangi ya chini, na hapo hakuna kurudi. Ili ujue umefika wapi ni lazima kidole kikwambie. Kidole chake hakikuwa na la kumwambia.

Akatazama huku na huku. Tajiri alikuwa ofisini. Mashine alikuwa upande wa pili, ameinama kwenye bampa. Mzee Kona akachukua kopo la nta, akachota kiasi, akajaza mikwaruzo ile na kuifuta juu. Ikatoweka. Ingekaa hivyo siku mbili tatu, mpaka mvua ya kwanza. Miaka tisa hakuwahi kufanya hivyo, na alipofunika kopo alikwepa kuitazama sura yake kwenye mlango uliong'aa.

"Saa saba," alisema Mashine akizima mtambo. "Nenda ukale, mzee. Mimi nakuja."

"Twende wote."

"Nenda tu. Nafunga waya huu kwanza."

Alikuwa akisema hivyo kila siku. Mzee Kona alitoka, akazunguka nyuma ya jengo penye kivuli na ubao wa kukalia, akafungua chakula chake. Alijaribu kusoma kipande cha gazeti kilichofungia andazi, akakumbuka miwani ameiacha juu ya kigoda. Akarudi kuichukua.

Mashine alikuwa amepiga magoti kwenye mlango wa nyuma wa kushoto, mkono wake umevaa nailoni. Alikuwa amefumba macho. Vidole vyake vilipita polepole ndani ya kishimo, vikasimama, vikarudi. Kando yake, juu ya kitambaa safi, kulikuwa na kijiti kilichofungwa kitambaa sawasawa kama vya Mzee Kona, fundo lilelile, na kipande cha udongo laini. Kopo lake la chakula lilikuwa dirishani, halijafunguliwa.

Mzee Kona alisimama palepale mlangoni pa gereji.

"Tangu lini?" aliuliza.

Mashine hakushtuka. Alifumbua macho, akashusha mkono, akakaa juu ya visigino vyake kama mtu aliyeambiwa apumzike.

"Tangu lile gari la bluu la daktari."

Hiyo ilikuwa miezi mitatu iliyopita. Mzee Kona alihesabu magari kichwani mwake, akaacha.

"Kila siku?"

"Siku nyingine zinakuwa safi kabisa, sina cha kufanya. Nakula."

"Na mimi nakaa kule nyuma natafuna. Kumbe kuna mtu ananisahihisha kama mtoto wa shule."

"Usiseme hivyo, mzee."

"Niseme vipi? Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Mzee Kona, shikamoo, vidole vyako vimelala?" Alivua nailoni, akaifuta kwenye ovaroli yake. "Wewe ulinipokea hapa nikiwa sijui hata kushika sponji. Wiki ya kwanza nilitoboa rangi ya boneti ya mtu, ukamwambia Tajiri ni wewe. Hukunikumbusha hata siku moja. Mimi ningeanzia wapi?"

Mzee Kona alikuwa ameisahau boneti hiyo. Hasira aliyoingia nayo ilikuwa imemwishia njiani, akabaki na aibu tu, na chini ya aibu kitu kingine alichochelewa kukitambua: alikuwa amefarijika. Kuna mtu alijua.

"Hii nta ya hapa naitoa," alisema Mashine kwa sauti ndogo. "Ikibaki, dereva atalirudisha gari wiki ijayo. Nikitoka hapa hakuna atakayejua. Tunaendelea kama tulivyokuwa."

"Na chakula chako?"

"Nakula nimesimama. Nimezoea."

Alisema hivyo huku anakunja na kukunjua mkono wa kulia, akiukung'uta hewani kama anayekausha maji. Mzee Kona aliutazama mkono ule. Ulimfanya asahau mambo yake yote. Alikujua kule kukung'uta. Kabla ya miaka tisa ya kona, alishika mashine miaka kumi na minane, na aliacha tu kwa sababu bega lilikataa. Miaka ile yote alikung'uta mkono vivyo hivyo, akidhani ni uchovu wa kawaida.

"Nipe huo mkono," alisema.

"Wa nini?"

"Nipe, binti yangu."

Alimpa. Mzee Kona aliushika kwa mkono wake wa kushoto, uliobaki mzima. Ncha za vidole zilikuwa baridi, mchana wa jua kali namna ile.

"Asubuhi vinakuwaje?"

Mashine alitazama kopo lake la chakula.

"Nakuuliza. Ukiamka, vinakuwaje?"

"Vinachelewa kuamka kidogo."

"Kidogo kama nini?"

"Mpaka nishike kikombe cha chai. Viwili vinakuwa vyeupe, halafu vinarudi." Alijaribu kucheka. "Ni baridi tu ya asubuhi, mzee."

"Mimi nami nilisema ni baridi," alisema Mzee Kona. "Nikasema miaka mitano."

Mchomeleaji wa jirani alianza tena kazi yake, chuma kikalia. Mzee Kona alihisi magoti yake yamechoka kabisa, akatamani kukaa, lakini alijua akikaa hatainuka kwa jambo hili leo, na asipoinuka leo hatainuka kesho. Siri yake alikuwa ameiona kama kitu chake peke yake, cha kuficha au cha kulia. Kumbe ilikuwa inamficha na huyu. Maadamu yeye anajifanya mzima, hakuna mtu atakayeuliza mtambo ule unamfanya nini anayeushika.

"Kula," alimwambia. "Keti ule. Naenda ofisini."

"Mzee Kona, usiende. Utamwaga unga wako hivihivi unajiona."

"Kula kwanza."

Tajiri alikuwa ameketi nyuma ya meza yake na birika la chai, akipepesa macho ya usingizi wa mchana. Mzee Kona hakungoja kukaribishwa. Aliweka vidole vyake vinne juu ya ubavu wa birika lililotoka motoni, akaviacha hapo.

Tajiri alimtazama usoni, akatazama birika, akatazama tena. Kisha aliinuka kwa kasi ambayo tumbo lake halikuizoea, akamshika kifundo cha mkono, akautoa.

"Una wazimu? Utaungua."

"Ndivyo vilivyo, Tajiri. Havihisi. Miezi minne sasa. Kona ninazokabidhi siku hizi si zangu, ni za yule binti, anazirudia wakati wa chakula. Lile gari jeusi nimelikwaruza leo kwa mkono wangu, nikapaka nta juu."

Tajiri alikaa. Alichovya kitambaa kilichokuwa mezani kwenye maji ya kunywa, akaushika mkono wa Mzee Kona na kuanza kuufunika nacho, kidole kimoja kimoja.

"Kwa nini unaniambia leo?" aliuliza hatimaye. "Ungeweza kunyamaza."

"Kwa sababu vya kwake vimeanza. Ni ule mtambo. Umenila mimi miaka kumi na minane, sasa unamla yeye, na ana miaka mitano tu ya kuushika. Mimi nifanye utakavyo. Lakini yeye mtoe pale kabla havijafika hapa."

"Nikimtoa, nani atashika mashine?"

"Sijui."

"Na wewe nikufanye nini?"

"Hilo nalo sijui, Tajiri. Nimechoka. Nimekuja kukwambia tu."

Tajiri alitazama nje kupitia kioo cha ofisi, pale Mashine alipokuwa ameketi kwenye kigoda kifupi na kopo lake magotini, ameacha kula, anatazama huku. Mzee mwenyewe alikumbuka, na Tajiri labda alikumbuka pia, kwamba gereji ile ilipoanza walikuwa wao wawili tu, na mtambo mmoja wakipokezana.

"Kesho mnaenda hospitali nyote wawili," alisema Tajiri. "Madaktari waandike watakachokiona. Halafu tutaongea habari ya zamu, na ya kazi gani unaiweza. Siwezi kukuahidi kitu, Fundi. Sijui hospitali watasema nini."

"Nimesikia."

"Leo saa kumi kuna watu wanakwenda kuzika." Tajiri alivua saa, akaiweka mezani, akaanza kukunja mikono ya shati lake jeupe. "Buti limebaki, na milango ya kulia. Kona za gari azifanye yule binti. Wewe kaa karibu umwambie."

Walitoka pamoja. Mashine alipoona mikono ya shati imekunjwa, alisimama, akafuta mdomo.

"Wewe kaa umalize chakula," Tajiri alimwambia. "Ukimaliza, kuna kishikio kinakungoja."

Aliwasha mtambo. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu aushike mara ya mwisho. Sponji iligusa buti ikaruka, ikamrushia polishi kifuani, na tone moja likampata kwenye nyusi.

"Usiikandamize, Tajiri," Mashine alipaza sauti juu ya mngurumo, mdomo umejaa. "Ibembeleze. Hilo si gogo."

"Mwambie apunguze kasi," alisema Mzee Kona.

"Anasema upunguze kasi."

"Nimesikia, nimesikia," alinung'unika Tajiri, akapunguza.

Mashine alimaliza kula, akanawa, akavaa nailoni. Mzee Kona alivuta ndoo, akaigeuza, akaketi juu yake karibu na mlango wa nyuma wa kushoto. Mkono wa kulia aliulaza pajani ndani ya kitambaa kibichi. Kwa mkono wa kushoto alishika tochi, akaielekeza kwenye kishimo cha kishikio mpaka kila mkwaruzo ukaonekana.

"Upande wa ndani rangi bado nene, hapo una nafasi," alimwambia. "Ukikaribia ukingo, nyepesi. Unasikia nini?"

Mashine alifumba macho. "Bado kuna chembe mbili. Moja hapa juu, moja kwenye kona kabisa."

"Zitoe kwanza. Usiwe na haraka."

Alizitoa. Kisha akazungushia kidole kitambaa, akachovya polishi kama punje ya mchele, akaanza, mbele na nyuma, kwa urefu wa gari. Mzee Kona alisogeza tochi kidogo kila Mashine alipohitaji mwanga, wala Mashine hakulazimika kuomba.